Moshi na Mapafu katika Historia ya Mlali, Chini ya Milima ya Uluguru

Methali isemayo "Pafukapo moshi pana moto" ni maarufu, na mafunzo yake hayana shaka: moshi ni dalili tu, na mwenye akili huipita dalili akatafuta kiini chake. Kwa zaidi ya karne moja moshi wa milima ya Uluguru umetazamwa kwa jicho hilo hilo. Mkulima aliuona akajua kwamba majira ya kulima yamekaribia. Bwana shamba wa serikali ya kikoloni aliuona akajua kwamba amri yake imevunjwa. Mchuuzi aliuona moshi wa gari la moshi, na baadaye wa lori, akajua kwamba njia ya sokoni imefunguka. Hata Roland Young na Henry Fosbrooke walipotoa kitabu chao juu ya siasa na ardhi ya Waluguru mwaka 1960, toleo la Marekani lilipewa jina Smoke in the Hills, yaani "Moshi Milimani", na moshi huo ulikuwa mfano wa machafuko ya kisiasa. Wote hao waliusoma moshi kama watu wasomavyo barua. Hapana aliyeuhesabu kuwa ni kitu chenye uzito wake, kiingiacho puani na kukaa kifuani. Historia ya Mlali na ya milima iliyo juu yake yaonyesha jinsi upungufu huo ulivyotokea, na kwa nini amri zilizotolewa juu ya moto hazikuwalinda wale waliouvuta moshi wake.

Mahali penyewe

Mlali ni kata ya Wilaya ya Mvomero katika Mkoa wa Morogoro. Iko pale ambapo miteremko ya magharibi ya Uluguru inakoma na uwanda unaanza. Mtu atokaye Morogoro mjini kwa barabara ya Iringa huiacha barabara kuu Sangasanga, akashika njia ya upande wa Mzumbe na Mlali, kisha akapanda Mgeta. Kwa hiyo Mlali ni mlango wa milima: mboga na matunda ya Mgeta hushuka kupitia hapo, na bidhaa za mjini hupanda kupitia hapo. Wenyeji hulima mahindi na mboga, hasa nyanya, na mto wa Mlali ni mmojawapo wa mito iletayo maji katika bwawa la Mindu, linalotegemewa na mji wa Morogoro.

Umbo la nchi hii lina uzito mkubwa katika habari ya moshi. Pepo zitokazo Bahari ya Hindi humwaga mvua nyingi upande wa mashariki wa milima, upande wa Matombo na Kinole. Zivukapo vilele, ambavyo vinapita urefu wa meta 2,600, zimekwisha kupungukiwa na maji, na kwa sababu hiyo upande wa magharibi ni mkavu zaidi. Nyasi na mabua hukauka mapema, na moto hushika upesi. Kadhalika usiku hewa ya baridi, ambayo ni nzito kuliko ya joto, huteremka kutoka milimani na kutulia bondeni. Juu yake hewa ya vuguvugu hukaa kama kifuniko juu ya chungu. Moshi wa moto uliowashwa jioni hufungiwa chini ya kifuniko hicho, nao hauondoki mpaka jua limepanda na kuitikisa hewa. Ndiyo maana katika nchi za namna hii ukungu wa asubuhi ya kiangazi aghalabu si ukungu peke yake.

Moto wa mashamba

Kuchoma shamba si desturi ya Uluguru peke yake. Picha zinazopigwa na satelaiti zimeonyesha kwamba Afrika ndiyo yenye sehemu kubwa zaidi ya nchi yote inayoungua kila mwaka duniani, yapata asilimia 70, na nyingi ya hiyo ni mbuga na mashamba. Wala mkulima hachomi kwa uvivu, kama maafisa wengi wa zamani walivyopenda kuandika. Anayo hesabu yake. Majivu huurudishia udongo baadhi ya chumvi zake na kupunguza ukali wa udongo mchachu. Moto huua mbegu za magugu, huwafukuza nyoka na panya, nao humaliza kwa siku moja kazi ambayo jembe lingeifanya kwa majuma mawili. Katika nyumba yenye mikono michache, hesabu hiyo si ndogo.

Zamani hesabu hiyo ilikwenda pamoja na nafasi. Miongoni mwa Waluguru ardhi ilikuwa ya ukoo, na ukoo ulihesabiwa kwa upande wa mama. Mkuu wa ukoo aliwagawia watu mahali pa kulima, na shamba lililochoka liliachwa lipumzike miaka kadhaa. Nafasi hiyo ikapungua kwa njia mbili. Mnamo mwaka 1909 serikali ya Wajerumani ilitenga misitu ya juu kuwa hifadhi, na mashamba yakabakizwa kati ya mpaka wa msitu na uwanda. Kisha watu wakaongezeka. Miaka ya kupumzisha shamba ikafupishwa, na mahali palipokuwa pakichomwa baada ya miaka mingi pakaanza kuchomwa mara kwa mara. Moto ukazoea kurudi pale pale, karibu na nyumba zile zile.

Hata hivyo haingekuwa haki kusema kwamba Waluguru hawakujua njia nyingine. Katika sehemu ya Mgeta, juu ya Mlali, wakulima walikuwa na namna yao ya kulima miteremko mikali, ambayo wataalamu wa udongo wameiita kilimo cha ngazi. Mkulima huanzia chini akipanda juu. Huparua majani na magugu, huyalaza kwa mstari kukingama na mteremko, kisha huyafukia kwa udongo wa sehemu iliyo juu yake. Majani yale yale ambayo kwingine yangechomwa, hapa huzikwa na kuoza na kuwa mbolea. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa maana lilikuwapo kabla ya amri yo yote ya serikali, na halikuhitaji askari wa kulisimamia.

Baadaye ulikuja moto wa namna nyingine, ambao si wa mkulima mdogo. Katika bonde la Kilombero, na huko Mtibwa ambako ni katika Wilaya ile ile ya Mvomero, mashamba makubwa ya miwa yalikuzwa tangu miaka ya 1960. Desturi ya mashamba hayo ni kuichoma miwa kabla ya kuikata, ili majani makali yaondoke na wakataji waweze kuingia. Moto wa miwa huwaka kwa kishindo na kwisha upesi; masizi yake meusi huruka mbali, na yanayoonekana kwa macho yakianguka juu ya nguo zilizoanikwa ni sehemu iliyo nyepesi kwa madhara. Sehemu iliyo nzito ni ile isiyoonekana.

Amri ya miaka ya 1950

Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha katika Uluguru mpango mkubwa wa matumizi ya ardhi. Nia yake ilikuwa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kulinda chemchemi za mito, hasa mto Ruvu, ambao baadaye ulikuja kuwa chanzo kikuu cha maji ya Dar es Salaam. Watu wakaamriwa kukata matuta mapana kwa siku kadhaa za juma, kupanda majani ya kuzuia udongo, kuacha kulima kando ya mito, na kuacha kuchoma mashamba. Aliyekaidi alipelekwa mahakamani na kutozwa faini.

Matokeo ya mpango huo yameandikwa mara nyingi. Katika miteremko mingi udongo wenye rutuba ulikuwa mwembamba. Matuta yalipokatwa, udongo wa chini usio na chakula cha mimea ukaletwa juu, na mavuno yakapungua. Watu waliona kwamba wanatumikishwa ili wapate hasara, na wengi waliogopa kwamba ardhi iliyokwisha kukatwa matuta itanyang'anywa. Majumbe waliosimamia amri wakapoteza heshima mbele ya watu wao. Chama cha TANU, kilichoanzishwa Julai 1954, kikapata wafuasi. Mwezi Julai 1955 ghasia zikatokea Matombo, polisi wakafyatua risasi na mtu akauawa. Na haukupita muda mrefu mpango wenyewe ukaachwa. Upande wa Mgeta, ambako mboga zililipa na kazi ya kuzuia udongo ilikuwa na faida inayoonekana, chuki haikuwa kali kama upande wa mashariki.

Lisiloandikwa mara nyingi ni hili, kwamba amri ya kukataza moto ilitolewa kwa ajili ya udongo na maji tu. Moshi ulikatazwa kwa kuwa ulikuwa mtoto wa moto, si kwa kosa lake mwenyewe. Na jambo hilo lastaajabisha likilinganishwa na tarehe za mambo yaliyokuwa yakitokea katika mji mkuu wa watawala wale wale. Tangu tarehe 5 mpaka tarehe 9 Desemba 1952, mji wa London ulifunikwa na moshi wa makaa ya mawe uliochanganyika na ukungu, huku hewa ya baridi ikiwa imefungiwa chini ya hewa ya joto, kwa kanuni ile ile ifanyayo kazi katika bonde la Mlali. Kwa hesabu za kwanza watu wapatao 4,000 walikufa kwa sababu hiyo. Wachunguzi wa baadaye wamekadiria kwamba jumla yao, pamoja na waliokufa katika miezi iliyofuata, ilikaribia 12,000. Wengi walikuwa wazee, watoto wachanga na watu wenye maradhi ya kifua. Mwaka 1956 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya hewa safi.

Basi katika miaka ile ile serikali moja ilikuwa na vita viwili juu ya moshi. Huko London ilipiga vita moshi kwa ajili ya mapafu ya watu. Huko Uluguru ilipiga vita moto kwa ajili ya udongo, na mapafu hayakutajwa. Si haki kudai kwamba bwana shamba wa Morogoro mwaka 1952 alipaswa kujua yaliyokuwa bado yakibishaniwa na madaktari wa Ulaya. Lakini matokeo yake yalidumu. Watu wa milimani walijifunza kwamba moto ni jambo la kugombana na serikali, wala si jambo la kuulizana wao kwa wao mtoto akikohoa. Uhuru ulipokuja mwaka 1961, haki ya kuwasha moto katika shamba lako ilikuwa imekwisha kuwa sehemu ya ushindi.

Reli na barabara

Moshi wa pili wa nchi hii ni wa safari. Stanley alipopita katika nchi ya Morogoro mwaka 1871, akauona mji wenye ngome ulioitwa Simbamwene, misafara yote ilikwenda kwa miguu, na kilichopanda hewani nyuma yake kilikuwa vumbi. Mwaka 1907 reli ya kati iliyoanzia Dar es Salaam ikafika Morogoro. Mashine zake zilichemsha maji kwa moto, na kuni za kuzilisha zilikatwa katika misitu iliyo kando ya njia. Lugha yenyewe ilihifadhi habari hiyo: treni ikaitwa gari la moshi, na jina hilo likaendelea kutumika hata baada ya mashine za mvuke kuondoka na mashine za dizeli kuchukua mahali pake. Wanaoendelea kulitumia kwa treni za umeme, zilizoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, wanakiita cha moshi chombo ambacho hakitoi moshi njiani. Hilo si kosa. Ni kawaida ya maneno kuishi kuliko vitu vilivyoyazaa.

Barabara ilichelewa kuliko reli, lakini ndiyo iliyoleta moshi karibu zaidi na nyumba za watu. Mwezi Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilijitangazia uhuru, na Zambia ikalazimika kutafuta njia nyingine ya kupitisha mafuta na shaba. Malori yakaanza kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma, kupitia Morogoro, Mikumi na Iringa, katika barabara ya vumbi na matope iliyowaua madereva wengi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara hiyo ikawekwa lami. Tangu hapo haijapumzika mchana wala usiku.

Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 watu wa vijijini walihamishwa kwa wingi ili wakae pamoja, na vijiji vingi vilipangwa kandokando ya barabara, mahali ambapo shule, zahanati na maji vingeweza kufikishwa. Faida zake na hasara zake zimejadiliwa sana, lakini moja haikujadiliwa: nyumba na shule za watoto zilisogezwa karibu na mahali ambapo magari yangepita kwa miaka mingi ijayo. Mlali, kwa kuwa ni njia ya kwenda Mgeta, hupata sehemu yake: malori ya mboga yapandayo na kushuka, na pikipiki za abiria ambazo tangu miaka ya 2000 zimekuwa nyingi mijini na vijijini.

Haingefaa kusahau kwamba moshi huu wa pili umepunguzwa makali mara mbili. Risasi iliyokuwa ikitiwa katika petroli iliondolewa katika nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara kufikia Januari 2006. Na tangu Januari 2015 nchi za Afrika ya Mashariki zilikubaliana kwamba dizeli isiwe na kiberiti kipitacho sehemu 50 katika milioni. Mabadiliko hayo mawili hayakuhitaji mapigano wala faini kwa mkulima; yalifanyika bandarini na kwenye viwanda vya kusafishia mafuta. Ni mfano wa jinsi hewa inavyoweza kusafishwa bila kumlaumu avutaye.

Kazi ya moshi kifuani

Mtu mzima huvuta hewa lita 10,000 hivi kwa siku. Hewa hiyo hupita puani na kooni, ikaingia katika bomba la pumzi, ambalo hugawanyika matawi mawili, na kila tawi hugawanyika tena na tena mpaka yakawa membamba kuliko uzi. Mwisho wa matawi kuna vifuko vya hewa, mamia ya milioni, ambavyo kuta zake ni nyembamba mno. Vyote vikitandazwa vingefunika eneo la meta za mraba 70 au zaidi. Hapo ndipo hewa safi inapoingia katika damu na hewa iliyotumika inapotoka.

Mwili una walinzi wake. Vinyweleo vya pua hunasa vumbi kubwa. Ute wa njia za hewa hunasa lililo dogo kidogo, na vinyweleo vidogo sana vilivyomo humo huusukuma ute huo juu mpaka ukamezwa au ukakoholewa. Kwa hiyo vumbi nene la barabara, ijapokuwa linaudhi, sehemu yake kubwa huishia juu. Lakini chembe za moshi si vumbi nene. Zile zenye upana usiozidi mikroni 2.5, yaani mara 20 na zaidi kuliko wembamba wa unywele wa kichwani, huwapita walinzi hao wote na kufika katika vifuko vya mwisho. Seli zilizowekwa kule kuzila zikizidiwa, huleta uvimbe. Uvimbe ukirudiwa mwaka baada ya mwaka, kuta za njia za hewa hunenepa, vifuko hupasuka na kuungana, na mapafu hupoteza ule mnyumbuko unaoyawezesha kujaa na kupungua. Mapafu yaliyoharibika hivyo hayarudi yalivyokuwa. Chembe zilizo ndogo zaidi huvuka ukuta na kuingia katika damu, na ndiyo sababu moshi huudhuru moyo pia.

Namna ya kuungua ina maana yake. Moto wa mabua makavu wenye ndimi kubwa hutoa chembe chache kuliko moto wa majani mabichi unaofuka bila kuwaka. Rundo lililofunikwa udongo na kuachwa lifuke usiku kucha ni baya kuliko lililowaka saa moja. Moshi wa dizeli nao una chembe ndogo sana za masizi, zilizobeba juu yake kemikali za mafuta yasiyoungua vizuri. Mwezi Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliutaja moshi wa dizeli kuwa ni kitu kinachosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka uliofuata likaitaja hewa chafu ya nje kwa jumla kuwa hivyo hivyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kipimo chake, likashauri kwamba kwa wastani wa mwaka chembe zile ndogo zisizidi mikrogramu 5 katika kila meta moja ya ujazo wa hewa. Awali kilikuwa 10.

Mbali na mioshi hii miwili kuna wa tatu, ambao katika nyumba nyingi za Tanzania ndio mkubwa kuliko yote, nao ni moshi wa jikoni. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, uliofanywa katika sehemu ya vijijini ya Tanzania, ulikuta ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa kwa zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wa makamo na wazee, na karibu wote walikuwa wakipikia kuni au mkaa. Ugonjwa huo katika nchi nyingine huhesabiwa kuwa ni wa wavuta sigara. Mtu wa Mlali hana mapafu matatu kwa mioshi mitatu. Mwanamke apikaye kwa kuni asubuhi, akaenda shambani wakati wa kuchoma, kisha akakaa kando ya barabara akiuza nyanya, huyavutia yote katika kifua kimoja. Mtoto aliye mgongoni mwake huvuta hewa nyingi kuliko yeye kwa kadiri ya uzito wa mwili wake, na mapafu yake bado yanajengwa.

Maneno ya kifua

Lugha hutunza ushahidi wa mambo yaliyowashughulisha watu, na kuhusu kifua Kiswahili kina utajiri mkubwa. Neno pafu ni la kale sana katika lugha za Kibantu. Kizulu kina iphaphu na Kishona kina bapu. Pumua, pumzi na pumzika ni jamaa wa neno pumu, ambalo leo ni jina la ugonjwa, ingawa baadhi ya kamusi za zamani zililiandika pia kwa maana ya pafu lenyewe. Mnyambuliko huo wafundisha kwamba kwa Waswahili kupumzika ni kuipata pumzi, na aliyekosa pumzi hana raha yo yote.

Neno kichomi nalo lafaa kuangaliwa kwa hadhari. Ni jina la maumivu ya kifua na la homa ya mapafu, na shina lake ni choma, kitenzi kile kile kitumikacho katika kuchoma shamba. Yamkini mtu akashawishika kusema kwamba wahenga waliujua uhusiano wa moto na mapafu. Hoja hiyo haisimami. Choma lina maana ya kutia ncha pia, na kichomi kilipewa jina kwa sababu maumivu yake hudunga kama mkuki. Maneno yamekutana; maarifa hayakukutana.

Kwa upande mwingine, maneno ya moshi wenyewe aghalabu ni ya wema. Kutokana na fuka limepatikana fukiza, na vifukizwavyo ni ubani na udi, vitu vya heshima na vya harufu nzuri. Mgonjwa hutiwa mafusho, akajifunika nguo na kuvuta kwa makusudi mvuke wa majani. Lugha ambayo moshi na mvuke wake huponya na kupendeza haiwezi kwa urahisi kuutuhumu moshi kwamba unaua. Istilahi mpya, uchafuzi wa hewa, imeingia katika sheria na katika vitabu vya shule, lakini ina udhaifu wake: kuchafua hewa, katika mazungumzo ya mzaha, ni aibu ndogo ya mtu aliyeshindwa kujizuia mbele za watu, na kuchafua hali ya hewa ni kuharibu mazungumzo yaliyokuwa mazuri. Hakuna kati ya maana hizo iletayo hofu. Mwuguzi wa zahanati asemaye kwamba moshi huu unakula mapafu ya mtoto hueleweka upesi zaidi kuliko afisa asomaye istilahi.

Funzo la historia hii

Sheria za leo si kama za mwaka 1950. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inasimamia uwashaji wa moto, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 ilifuatwa na kanuni za ubora wa hewa za mwaka 2007, na mwezi Mei 2024 ulizinduliwa mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaokusudia kwamba kufikia mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Katika mkakati huu wa mwisho kifua cha mpishi kimetajwa waziwazi. Moshi wa jikoni, basi, umekwisha kupata jina lake. Moshi wa shamba bado unasimuliwa zaidi kwa habari ya misitu, udongo na mali iliyoungua.

Mambo mawili yanaonekana katika historia ya Uluguru. La kwanza ni kwamba katazo lisilo na faida iliyo dhahiri kwa anayekatazwa halidumu, hata likiwa na askari nyuma yake. Matombo ilithibitisha hivyo mwaka 1955. La pili ni kwamba mkulima wa Mgeta alifukia majani yake kabla ya kuambiwa, kwa sababu shamba lilimlipa. Wanaotaka kupunguza moto chini ya milima hawana haja ya kuanza na elimu ya kigeni. Waanze na mstari ule wa majani uliozikwa mteremkoni, wauteremshe mpaka uwandani, na pale ambapo moto hauepukiki waeleze kwamba afadhali mabua makavu yawake adhuhuri, upepo ukiwa unakwenda mbali na nyumba, kuliko majani mabichi yafuke usiku kucha.

Na liongezwe lile ambalo mpango wa mwaka 1950 haukulisema hata mara moja, kwamba katika shamba linalochomwa mtu wa kwanza kuuvuta moshi ni yule aliyeshika kijinga cha moto, na wa pili ni mwanawe. Maneno hayo hayahitaji amri. Yangesemwa kwa utaratibu wakati ule, labda moto wa Uluguru ungekuwa jambo la nyumbani tangu zamani, si la mahakamani. Nayo ni maneno ambayo yangali yakifaa kusemwa Mlali kila mwaka, kabla ya kiangazi kukolea.